Straika wa bilioni 50: Birmingham ilinunua mabao au ilinunua bima?

SIKU ya mwisho ya usajili nchini Uingereza, Agosti 30, mwaka 2024, klabu ya Birmingham City ilimsajili mshambuliaji Jay Stansfield kutoka Fulham kwa mkataba wa miaka saba. Klabu haikutangaza kiasi ilichotoa, lakini vyombo vya habari vya huko vilitaja ada ya kati ya pauni milioni 10 na milioni 15, mbali na nyongeza za baadaye. Kwa kiwango hicho cha juu, ni takriban shilingi bilioni 50 za Tanzania.

Kwa klabu za Ligi Kuu ya Uingereza, fedha hizo ni za kawaida. Kilichowashangaza wengi ni kwamba Birmingham wakati huo haikuwa katika Ligi Kuu, wala katika daraja linaloifuatia. Mwezi Mei mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi Ligi One, ambayo licha ya jina lake ni daraja la tatu. Kabla ya hapo, ada kubwa kuliko zote kulipwa na klabu ya daraja hilo ilikuwa pauni milioni 3, zenye uwezekano wa kufika milioni 4, ambazo Sunderland ililipa Januari 2019 kumnunua Will Grigg kutoka Wigan.

Msimu ulipomalizika, Birmingham ilikuwa bingwa kwa pointi 111, idadi ambayo haijawahi kufikiwa na klabu yoyote katika madaraja ya kulipwa ya England. Stansfield alifunga mabao 19 ya ligi. Wapenzi wa soka wengi walihitimisha kuwa fedha ilikuwa imerudi. Hata hivyo, kiuchumi jibu si jepesi kiasi hicho, na namna ya kulitafuta inamhusu pia mfugaji anayefikiria kununua mtamba wa bei mbaya, au mfanyabiashara anayetaka kuchukua mashine ya kukoboa kwa mkopo.

Hesabu inayopotosha

Hesabu ya kwanza ambayo mtu huifanya ni kugawa bei kwa mabao. Kwa Stansfield, pauni milioni 10 kwa mabao 19 ni kama pauni 526,000 kwa kila bao. Ikiwa ni milioni 15, kila bao linafika pauni 789,000. Grigg, kwa upande wake, aliifungia Sunderland mabao 8 katika mechi 61 za mashindano yote. Pauni milioni 3 kwa mabao 8 ni pauni 375,000. Kwa hesabu hii Grigg anaonekana nafuu, jambo ambalo hakuna shabiki wa Sunderland atakayelikubali.

Kosa liko wapi? Chukua mfano wa mfugaji aliyenunua mtamba wa maziwa kwa shilingi milioni 3. Mwaka wa kwanza wa kukamua anapata lita 2,400. Akigawa bei yote ya ng'ombe kwa maziwa ya mwaka huo, kila lita imembebesha shilingi 1,250 kabla hata hajanunua pumba wala dawa ya kuogeshea. Atajiona amepata hasara na huenda akamuuza mnyama wake bure.

Lakini ng'ombe yule atakamuliwa miaka sita, na mwisho atauzwa kwa wachinjaji, tuseme kwa shilingi 900,000. Kwa hiyo gharama halisi ya mnyama mwenyewe ni shilingi milioni 2.1, ambazo ni shilingi 350,000 kwa mwaka. Kwa lita 2,400 za kila mwaka, kila lita inabeba shilingi 146 tu. Hiyo ndiyo hesabu ya uchakavu, ambayo wafugaji wengi huiacha kwa sababu hakuna anayekuja kuidai mwisho wa mwezi.

Klabu za soka hutumia hesabu hiyo hiyo. Ada ya mchezaji hugawanywa kwa miaka ya mkataba wake. Pauni milioni 10 kwa miaka saba ni kama pauni milioni 1.43 kwa mwaka, na milioni 15 ni kama milioni 2.14. Ukigawa kwa mabao 19 ya msimu wa kwanza, kila bao linabeba kati ya pauni 75,000 na 113,000 za ada. Mishahara iko juu ya hapo, kama yalivyo majani na pumba kwa ng'ombe.

Grigg alisaini miaka mitatu na nusu. Mkataba ulipokwisha mwaka 2022 aliondoka bure, baada ya muda mwingine kukopeshwa kwa klabu nyingine. Hakukuwa na bei ya kuuzia. Pauni 375,000 kwa bao zilibaki pale pale, na hapo picha inageuka kabisa.

Sunderland ilivyojikuta sokoni

Itakuwa makosa kudhani kuwa Sunderland haikuhitaji straika. Ilimhitaji kuliko Birmingham. Mwishoni mwa Januari 2019 ilimuuza kijana Josh Maja kwa Bordeaux ya Ufaransa, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Maja alikuwa ameshafunga mabao 15 ya ligi msimu huo. Timu iliyokuwa ikiwania kupanda ilibaki bila mfungaji, na soko lilikuwa linafungwa siku chache baadaye.

Grigg hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Msimu wa 2015/16 aliifungia Wigan mabao 25 katika daraja lile lile, na mwaka 2018 alipanda nayo tena. Lakini alikuwa na umri wa miaka 27, na Wigan ilifahamu fika kwamba Sunderland haikuwa na pa kwenda. Ofa moja baada ya nyingine ilikataliwa na bei ikapanda hadi saa za mwisho za Januari 31. Mazungumzo hayo yalionekana baadaye na dunia nzima katika mfululizo wa televisheni wa Sunderland 'Til I Die.

Kila mfanyabiashara wa mahindi anaifahamu hali hiyo. Anayekwenda kununua gunia mwezi Februari, maghala yakiwa matupu, lori la kukodi likiwa linangoja barabarani na muuzaji akiliona, hawezi kupanga bei. Haraka haraka haina baraka, na sokoni haraka ya mnunuzi ni mali ya muuzaji.

Sunderland ilimaliza ligi katika nafasi ya 5 kwa pointi 85. Ilikuwa imetoka sare mechi 19. Timu mbili za juu hupanda moja kwa moja, na Barnsley iliyoshika nafasi ya 2 ilikuwa na pointi 91. Tofauti ni pointi 6. Sare ikigeuka ushindi huleta pointi 2 za ziada, kwa hiyo sare nne kati ya zile 19, zikipata bao moja moja zaidi, zingeipandisha Sunderland bila kupitia mechi za mchujo. Badala yake ilikwenda mchujo, ikafungwa 2-1 na Charlton katika fainali ya Wembley, na ikabaki daraja la tatu hadi mwaka 2022.

Bao la lazima na bao la ziada

Hapa ndipo ulipo ugumu wa swali la Birmingham. Katika msimu wa 2024/25 Wrexham ilishika nafasi ya 2 kwa pointi 92 na Stockport nafasi ya 3 kwa pointi 87. Kwa maana hiyo, kilichohitajika kupanda moja kwa moja kilikuwa pointi 88. Birmingham ilikuwa na 111. Pointi 23 zilikuwa za ziada.

Tufanye kwamba mabao yote 19 ya Stansfield yanafutwa na hakuna mtu aliyecheza nafasi yake. Birmingham ilifunga mabao 84 na kufungwa 31. Bila yale 19 ingebaki na mabao 65 ya kufunga na 31 ya kufungwa. Wrexham, iliyopanda kwa nafasi ya pili, ilifunga 67 na kufungwa 34. Hizo ni timu mbili zinazokaribiana sana. Na ukweli ni kwamba nafasi ya Stansfield isingebaki wazi; mtu mwingine angecheza na angefunga japo mabao machache.

Birmingham tayari ilikuwa na mtu huyo. Wiki chache kabla ya kumleta Stansfield ilikuwa imemnunua Alfie May kutoka Charlton, aliyekuwa mfungaji bora wa Ligi One msimu wa 2023/24 kwa mabao 23. Ada yake ilitajwa kuwa chini ya pauni milioni 1. May, akiwa na miaka 31, aliifungia klabu hiyo zaidi ya mabao 10 ya ligi msimu huo. Mfungaji bora wa ligi mwaka 2025, Charlie Kelman wa Leyton Orient, aliyefunga mabao 21, hakuwa hata wa klabu aliyoichezea. Alikuwa wa mkopo kutoka Queens Park Rangers.

Wakulima wanalifahamu jambo hili kwa mbolea. Shamba lililochoka likipata mfuko wa kwanza wa mbolea, mavuno huonekana kwa macho. Shamba ambalo limekwishapata mifuko minne, mfuko wa tano hauongezi magunia mengi, ingawa bei yake dukani ni ile ile. Thamani ya pembejeo haitokani na bei yake wala na ubora wake peke yake. Inatokana na kile ambacho shamba lilikuwa linakikosa.

Kwa kipimo hicho, mabao ya Stansfield yalikuwa mfuko wa tano. Mabao ambayo Grigg hakuyafunga yalikuwa mfuko wa kwanza.

Kwa nini basi Birmingham ilinunua?

Agosti 2024 hakuna aliyejua kwamba pointi 111 zinakuja. Miezi mitatu kabla, klabu hiyo ilikuwa imeshuka daraja ikiwa na wamiliki wapya wenye fedha na mipango mikubwa. Stansfield mwenyewe alikuwa pale kwa mkopo msimu huo wa kushuka, na hata katika timu iliyokuwa inazama alifunga mabao 12 ya ligi. Kwa hiyo Birmingham ilikuwa inanunua mnyama ambaye imeshamlisha na kumkamua kwa mwaka mzima katika zizi lake yenyewe, na si aliyeonekana mnadani asubuhi ile. Hiyo ni faida kubwa ambayo Sunderland haikuwa nayo kwa Grigg.

Halafu kuna gharama ya kubaki chini. Katika mgawo wa fedha za pamoja za ligi tatu za chini ya Ligi Kuu, Championship, ambalo ni daraja la pili, huchukua asilimia 80, Ligi One asilimia 12 na Ligi Two asilimia 8. Kila daraja lina klabu 24. Kwa wastani, kila klabu ya Championship inapata karibu mara saba ya ile ya Ligi One. Mkataba wa televisheni wa Sky ulioanza msimu wa 2024/25 una thamani ya pauni milioni 935 kwa miaka mitano, kwa hiyo mgawo huo si wa senti.

Ikumbukwe pia kwamba Championship yenyewe si mahali pa faida. Kampuni ya Deloitte ilibaini kuwa msimu wa 2018/19 klabu za daraja hilo zilitumia kwenye mishahara asilimia 107 ya mapato yao yote. Wanachokitafuta wote ni mlango wa juu. Mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilikadiria kuwa kushinda fainali ya mchujo ya kuingia Ligi Kuu kunaleta mapato ya ziada ya pauni milioni 140 au zaidi katika misimu mitatu. Kila mwaka klabu inaokaa Ligi One ni mwaka mmoja zaidi mbali na mlango huo.

Kwa hiyo ada ya Stansfield, kwa sehemu kubwa, ilikuwa bima. Mkulima anayelipa bima ya mazao, kisha mvua zikanyesha vizuri, hajapoteza fedha kwa sababu hakulipwa fidia. Alinunua usalama kabla ya kujua mvua itakuwaje. Kosa linaweza kuwa katika kiasi cha bima. Mtu halipi bima ya shilingi milioni 5 kwa shamba la milioni 2.

Thamani inayobaki

Umri ndio unaoitofautisha bima hii na ile ya Sunderland. Stansfield alisaini akiwa na miaka 21, na mkataba wake ulipangwa kwisha mwaka 2031. Birmingham ilipouanza msimu wa 2025/26 katika Championship, alikuwa bado na miaka 22 na alikuwa anafaa kwa daraja hilo jipya. May, aliyeifaa sana timu katika Ligi One, aliuzwa kwa Huddersfield katikati ya mwaka 2025. Mmoja alinunuliwa kwa kazi ya mwaka mmoja, kwa bei ndogo, na akaimaliza. Mwingine alinunuliwa kama ng'ombe wa kuanzishia ukoo.

Hata hivyo, thamani inayobaki haihitaji bei kubwa ya kuanzia. Mfano bora unatoka Sunderland hiyo hiyo. Januari 2021 ilimchukua Ross Stewart kutoka Ross County ya Scotland, kwa ada iliyotajwa kuwa kama pauni 300,000. Msimu wa 2021/22 alifunga mabao 24 ya ligi, kisha akafunga bao katika fainali ya mchujo walipoifunga Wycombe 2-0 na kupanda. Septemba 2023 aliuzwa kwa Southampton kwa fedha zilizoripotiwa kuwa kati ya pauni milioni 8 na 10. Klabu ilipata mabao, daraja, na zaidi ya mara 25 ya mtaji wake. Ilichokosa mwaka 2019 kwa milioni 3, ilikipata mwaka 2022 kwa sehemu moja ya kumi ya fedha hizo.

Tofauti ya manunuzi hayo mawili si bahati tu. Stewart hakuwa na jina, na hakukuwa na mnunuzi mwingine aliyegonga mlango usiku wa manane.

Hasara ingebebwa na nani?

Suala la mwisho ni mfuko uliotumika. Birmingham inamilikiwa na kampuni ya uwekezaji ya Marekani, Knighthead, tangu mwaka 2023. Kanuni za Ligi One wakati huo ziliizuia klabu kutumia zaidi ya asilimia 60 ya mapato yake kwa mishahara ya wachezaji, lakini fedha ambazo mmiliki aliziweka kama mtaji, si mkopo, zilihesabiwa pamoja na mapato hayo. Ndiyo maana klabu moja ya daraja la tatu iliweza kutumia kama klabu ya daraja la juu huku jirani yake akihesabu senti. Kama Stansfield angevunjika mguu Septemba, Birmingham ingesikitika, lakini mishahara ya mwezi ingelipwa.

Bury haikuwa na kinga hiyo. Klabu hiyo ilipanda kutoka Ligi Two msimu wa 2018/19 ikiwa na kikosi kilichozidi uwezo wake, wachezaji wakiwa wanacheleweshewa mishahara hata pale timu ilipokuwa inashinda. Agosti 27, mwaka 2019, kabla haijacheza mechi hata moja ya Ligi One, ilifukuzwa kwenye ligi kwa kushindwa kuthibitisha kuwa ina fedha za kujiendesha. Ilipata mavuno mazuri na ikapoteza shamba.

Kwa mkulima mdogo, hapa ndipo mfano wa Birmingham unapokuwa hatari kuuiga. Aliyenunua mtamba wa milioni 3 kwa akiba yake, ng'ombe akifa kwa ndigana, amepoteza akiba. Aliyemnunua kwa mkopo wa SACCOS kwa kuweka shamba rehani amepoteza ng'ombe na shamba. Mnyama ni yule yule na bei ni ile ile, lakini ununuzi haukuwa mmoja.

Uamuzi

Je, Stansfield alikuwa na thamani ya fedha ile? Kwa mabao ya msimu wa kwanza peke yake, hapana. Birmingham ingeweza kupanda bila yeye, na ilikuwa na mfungaji mwingine kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya bei. Kwa mkataba mzima, ikizingatiwa umri wake, kwamba klabu ilikuwa imeshamjaribu, na kwamba waliotoa fedha walikuwa na uwezo wa kuzipoteza, ununuzi ulikuwa wa busara ingawa bei ilikuwa ya juu. Kwa klabu nyingine 23 za daraja lile, kuuiga kungekuwa kujitafutia njia ya Bury.

Maswali ambayo klabu hizo zinapaswa kujiuliza ni yale yale ya mkulima au mfanyabiashara kabla hajatoa fedha nyingi kwa kitu kimoja:

Kwanza, ni kitu gani hasa kinachokosekana? Kama ng'ombe waliopo wanatoa maziwa machache kwa sababu ya malisho duni, ng'ombe wa bei mbaya atakuja kukonda pamoja nao.

Pili, kitu hicho kimejaribiwa wapi? Mashine iliyoonekana ikifanya kazi kwa jirani msimu mzima ina thamani kuliko iliyosifiwa dukani. Panapowezekana kukodi kwanza, ni vyema kukodi.

Tatu, kitafanya kazi miaka mingapi, na mwisho kitauzwa shilingi ngapi? Bila majibu hayo mawili, gharama ya mwaka haijulikani.

Nne, nani anajua kwamba mnunuzi ana haraka? Anayepanga ununuzi miezi sita kabla ya kuhitaji hulipa bei ya soko. Anayeingia siku ya mwisho hulipa bei ya shida yake.

Tano, kikiharibika kesho asubuhi, nyumbani kutabaki nini? Kama jibu ni kwamba watoto watarudishwa shule kwa ada au shamba litauzwa, basi bei hiyo ni kubwa mno, hata kama kitu chenyewe ni kizuri na muuzaji ni mwaminifu.